Juu, Kuu na Tukufu

Fungua kamusi yoyote ya Kiingereza, msomaji, uende kwenye herufi H, kisha usimame pale maneno yanapoanza na herufi hizi nne: h, i, g, h. Utakuta jamaa kubwa ya maneno imepangwa safu moja kama askari wa gwaride. Lipo "high" lenyewe, na nyuma yake "highland", "Highness", "High Court", "high school", "highway" na "high-rise". Kamusi hupanga maneno kwa sura. Haiulizi tabia zao. Kwa hiyo mwanafunzi aonaye sura moja hudhani ameona maana moja. Hukariri kwamba "high" ni juu, akafunga kitabu, akaenda zake kucheza mpira. Nataka ukawie nami kidogo kabla ya kukifunga, kwa sababu herufi hizo nne zimefanya mambo makubwa katika nchi ya Kenya, na mengine hayakuwa mema.

Tuanze na lugha yenyewe. Neno "high" katika Kiingereza ni chombo kimoja kinachobebeshwa mizigo mingi. Sisi mizigo hiyo tumeigawa katika vyombo mbalimbali. Kilicho mbali na ardhi kiko juu. Kilicho cha kwanza kwa cheo ni kikuu. Anayestahili heshima iliyopita heshima ya kawaida ni mtukufu. Mti au jengo lililokwenda hewani ni refu. Homa ambayo Mwingereza huiita "high" sisi huiita kali, na upepo vivyo hivyo. Bahari nayo kwake huwa "high" inapoinuka. Lakini mtu wa Lamu au wa Pemba haoni kimo, huona ujazo. Husema maji yamejaa, na yakiondoka husema yamekupwa, na yale yajaayo kupita kiasi wakati wa mwezi mpevu na wa mwezi mwandamo huyaita bamvua. Ajabu iliyo kubwa zaidi ni ya nyama. Nyama ya mawindo iliyotundikwa hata ikaanza kunuka, Mwingereza husema kwamba ni "high", akaila kwa furaha. Mpishi wetu angesema imeanza kuvunda, akawatupia mbwa.

Lakini tusijivune upesi. Kiswahili nacho kina chombo chake chenye mizigo mingi. Twasema mti mrefu, kamba ndefu na kisima kirefu, na Mwingereza hutushangaa, kwani yeye ana neno mbali la kwenda hewani, neno mbali la kunyooka, na neno mbali la kuzama chini. Basi kila lugha hukata nguo ya dunia kwa mkasi wake. Hatari huzaliwa pale ambapo mtu mwenye nguvu hukata kwa mkasi wake, akawaambia wengine kwamba hivyo ndivyo nguo ilivyofumwa.

Mwaka 1939 ulichapishwa wa kukumbukwa kwa mambo mawili yasiyojuana. La kwanza ni kamusi za Kiswahili sanifu zilizotayarishwa na Frederick Johnson kwa ajili ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imeundwa mwaka 1930. Wasomi wengi wa Kiswahili walijifunza humo kuoanisha maneno ya Kiingereza na ya kwetu. La pili ni amri ya serikali ya Uingereza iliyoweka kisheria mipaka ya nchi iliyoitwa "Highlands" katika koloni la Kenya. Kamusi ingekuambia kwamba neno hilo ni nchi ya juu, au nyanda za juu kama tusemavyo leo. Amri ilikuwa na maana nyingine kabisa.

Habari yenyewe ni ndefu. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na muda si muda serikali ikaanza kuwaita walowezi waje kulima ili reli ipate mizigo. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 ilimwezesha mlowezi kukodishwa ardhi kwa miaka 99. Sheria ya mwaka 1915 iliupandisha muda huo hata miaka 999, muda ambao mtu hawezi kuuhesabu kwa vizazi vya ukoo wake. Mwaka 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni, alikuwa amekwisha kubali kwamba Wahindi wasipewe ardhi na serikali katika nchi hiyo ya juu. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilikataa tena dai la Wahindi, ikathibitisha kwamba nyanda zile ni za Wazungu. Ndipo ikaja amri ya mwaka 1939 kuufunga mlango kwa ufunguo.

Sababu iliyotolewa tangu mwanzo ilikuwa ya kimo. Ilisemwa kwamba Mzungu hawezi kuishi na kulea watoto katika joto la pwani na la bonde, bali katika hewa ya baridi ya nchi iliyoinuka aweza. Sababu hii yasikika kama elimu ya jiografia, nawe waweza kuipima kwa ramani yako ya shule. Tazama Kisii. Ni nchi ya vilima, yenye mvua nyingi na baridi ya asubuhi, iliyo mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Lakini kwa sheria haikuwa "Highlands", kwa maana ilikuwa hifadhi ya Waafrika. Kisha tazama Koru na Songhor, chini ya miteremko ya Nandi. Mahali hapo ni chini kuliko Kisii, na jua lake ni kali kuliko la Kisii, lakini palikuwa na mashamba ya walowezi, na kwa hiyo palihesabiwa kuwa nchi ya juu. Ikiwa nchi iliyo juu si ya juu, na iliyo chini yake ndiyo ya juu, basi neno limeacha kupima ardhi na limeanza kupima watu. Waingereza wenyewe hawakuficha sana jambo hili, maana katika mazungumzo waliongeza neno jeupe mbele yake, wakasema "White Highlands". Mzigo wote ulikuwa katika neno lile la kuongeza. "High" lilikuwa vazi lake tu.

Sharti hilo la rangi liliondolewa kwa sheria mwaka 1960, na mwaka 1962 ukaanza mpango wa kununua ekari milioni moja za mashamba ya masetla ili wenyeji wahamie. Siyasemi haya ili kuhesabu nani alipata na nani alikosa, maana hiyo ni insha nyingine. Nakuomba ushike jambo moja: kwa zaidi ya nusu karne, neno la kimo lilitumika kufanya kazi ya neno la cheo, na wengi walidanganyika kwa sababu katika Kiingereza maneno hayo mawili huandikwa kwa herufi zile zile.

Sasa shuka pamoja nami mpaka kusini-magharibi ya mji wa Nairobi, mahali paitwapo Kibera. Hapo walikaa watu ambao neno "Highlands" liliwazunguka pande zote bila kuwagusa. Walikuwa askari wenye asili ya Sudan na jamaa zao. Baadhi yao walitoka katika jeshi la Emin Pasha. Kapteni Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert mwaka 1891, akawatia katika utumishi wa Waingereza huko Uganda. Mwaka 1902 kilipoundwa kikosi cha King's African Rifles, ambacho watu wetu walikiita Keya, askari hao walikuwa mhimili wake. Mwaka 1904 msitu wa kusini-magharibi ya Nairobi ulitengwa uwe uwanja wa mazoezi ya jeshi, na baadaye askari waliostaafu wakaruhusiwa kujenga humo na kufuga. Katika Kinubi, lugha yao iliyozaliwa kutokana na Kiarabu cha kambini, msitu ni "kibra", na ndilo jina ambalo ulimi wa mji umeligeuza kuwa Kibera. Mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi eneo hilo kuwa hifadhi ya jeshi. Lilikuwa ekari 4,197.

Wanubi hao walivuta hewa ile ile ya baridi iliyovutwa na jirani zao wa Karen. Kama kimo ndicho kilichompa mtu haki, wangekuwa nayo tele. Lakini Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 1934, iliwaona kuwa ni wapangaji wa Taji, ambao Taji laweza kuwaondoa litakapo. Walikuwa wamepigana vita vya mfalme. Hati ya ardhi hawakuwa nayo. Tangu hapo, kwa miaka mingi, ekari zile zilimegwa moja moja. Mitaa ya Woodley, Jamhuri, Ayany na mingine ilijengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya hifadhi ile. Tutarudi Kibera kabla ya kuagana, kwa sababu mtaa mmoja wa hapo umevaa neno letu shingoni.

Kwanza tupite katika ofisi za wakubwa. Tarehe 1 Januari 1948 iliundwa "East Africa High Commission", yenye makao yake Nairobi, nayo ilikuwa magavana watatu, wa Kenya, Uganda na Tanganyika, waliosimamia reli, posta, forodha na mambo mengine ya pamoja hata mwaka 1961. Hapa "high" ni kuu, si juu. Magavana hawakuwa wakikutana kilimani. Hali kadhalika, balozi anayetumwa na nchi moja ya Jumuiya ya Madola kwenda nchi nyingine haitwi kwa Kiingereza "ambassador" bali "High Commissioner". Desturi hiyo ilianza mwaka 1880, Kanada ilipompeleka mjumbe wake London. Nchi zile zilikuwa chini ya mfalme mmoja, na mfalme hawezi kupeleka balozi kwake mwenyewe, kwa hiyo ikatafutwa njia ya kukwepa. Kiswahili hakikujisumbua na hila hiyo. Wote wawili twawaita mabalozi.

Jina la kifalme "His Highness" lina ujanja ulio mzuri zaidi kuutazama. Sultani wa Zanzibar aliitwa hivyo na Waingereza, na mtu asiyejua angedhani kwamba amekwezwa. Lakini mfalme wa Uingereza mwenyewe aliitwa "His Majesty", na katika itifaki jina hili ni la daraja ya juu kuliko lile. Watawala wa India walioitwa "Highness" walikuwa wengi, na wote walijua maana yake: katika milki ile palikuwa na nafasi moja tu kileleni, na haikuwa yao. Hivyo neno la kuinua lilitumika kumshusha mtu kwa adabu. Watu wa Unguja walimwita sultani wao Seyyid, yaani bwana, hata mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalipomaliza usultani.

Katika mahakama neno hili laweza kumpotosha mwanafunzi kabisa. Ukitafsiri "High Court" kwa kufuata kamusi, utasema Mahakama ya Juu, nawe utakuwa umempeleka mdai kwenye mlango usio wake. "High Court" ni Mahakama Kuu. Juu yake iko Mahakama ya Rufani, na juu ya hiyo, tangu katiba ya Kenya ya mwaka 2010, iko Mahakama ya Juu, ambayo wengine huiita Mahakama ya Upeo, na kwa Kiingereza ni "Supreme Court". Mahakama hiyo ndiyo iliyobatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, jambo ambalo Mahakama Kuu haina uwezo wa kulifanya. Kumbe mahakama ambayo Mwingereza huiita "high" ni ya tatu ukihesabu kutoka kileleni! Naona katika jambo hili Kiswahili kimesema wazi kuliko Kiingereza: kuu ni ukubwa wa kazi, juu ni mahali katika ngazi.

Na wewe mwenyewe, msomaji, yaelekea umeketi katika "high school". Jina hilo lilitumika tangu zamani Scotland, na katika Kenya lilipata fahari kubwa pale Alliance High School ilipofunguliwa mwaka 1926 huko Kikuyu, mahali palipokuwa na misheni ya Kanisa la Scotland. Kwa Kiswahili cha Kenya husemi uko shule ya juu wala shule kuu. Uko shule ya upili, na upili watoka katika pili: ni shule inayofuata ile ya kwanza. Sipendi kukuvunja moyo, lakini lugha yako imekuhesabu wa pili.

Barabara nazo hazikuachwa. "Highway" haikuwa lazima njia iliyoinuka. Katika Uingereza ya kale ilikuwa njia kubwa ya watu wote, iliyokuwa chini ya ulinzi wa mfalme, na aliyemvamia msafiri humo alikuwa amevunja amani ya mfalme. Kwetu ni barabara kuu. Mnyang'anyi wa njia hizo aliitwa "highwayman", na aliweza kuwa mfupi kama kisiki. Ajabu ni kwamba mwaka 2022 Nairobi ilipata barabara iliyo juu kwelikweli, itokayo upande wa Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27, na kwa sehemu yapita juu ya nguzo, ikaifunika ile ya Uhuru iliyo chini yake. Hiyo haikuitwa "highway". Iliitwa "expressway", na apitaye juu hulipa, naye asiye na nauli hiyo hubaki katika msongamano wa chini.

Turudi Kibera. Wakati wa utawala wa Rais Daniel arap Moi, Shirika la Taifa la Nyumba lilijenga ukingoni mwa Kibera mtaa wa nyumba za ghorofa, ukapewa jina la Nyayo Highrise. Litazame jina hili polepole. Nusu yake ni Kiswahili na nusu ni Kiingereza. Unyayo ni upande wa chini wa mguu, mahali mwili wa mtu unapogusa mavumbi. "High-rise" ni jengo lililoinuka sana. Aliyeyaunganisha aliweka kisigino na paa katika jina moja, na wakazi wamelizoea hata hawaoni tena kichekesho.

Nyayo lilikuwa neno la wakati. Jomo Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, Moi alisema kwamba angefuata nyayo zake, na baadaye akaongeza amani, upendo na umoja. Yeye aliitwa Mtukufu Rais, na nyayo zake zikapewa kila kitu kilichojengwa: uwanja wa michezo, mabasi, maziwa ya watoto wa shule, na jengo refu la Nyayo House katikati ya mji. Jengo hilo lina ghorofa zaidi ya 20 kwenda juu. Lakini katika miaka ya 1980 watu walioshukiwa kuipinga serikali hawakupandishwa huko. Waliteswa katika vyumba vya giza chini ya ardhi ya jengo lile lile, vyumba ambavyo vilifunguliwa kwa umma mwaka 2003. Nimetaja jambo hili kwa sababu mtu akisoma jina la jengo refu hutazama juu, na katika Nairobi mara nyingine habari yenyewe iko chini.

Majengo ya Nyayo Highrise si marefu ya kulinganishwa na Nyayo House. Yaliitwa "high" kwa kulinganishwa na kilichokuwa kando yake, yaani mabanda ya udongo na mabati. Vijiji viwili vya Kibera vyaitwa Mashimoni na Lindi, nawe wajua kwamba lindi ni shimo refu. Nyumba zile za ghorofa zilijengwa mahali walipokuwa wamekaa maskini, na nyingi ziliishia mikononi mwa watu wa kipato cha kati waliokuwa na mishahara ya kulipia. Neno likarudia kazi yake ya zamani: likaanza kwa kupima jengo, likamalizia kwa kupima mtu.

Habari haikukoma hapo. Mwaka 2009 familia za kijiji cha Soweto Mashariki katika Kibera zilihamishiwa kwa muda katika nyumba za ghorofa upande wa Lang'ata, ili mabanda yao yabomolewe na kujengwa upya, na mwaka 2016 nyumba 822 zilikabidhiwa katika kijiji hicho. Wanubi nao, katika mwezi wa Juni mwaka 2017, walikabidhiwa na Rais Uhuru Kenyatta hati ya ardhi ya jamii yao, baada ya miaka zaidi ya mia ya kukaa Kibera. Ilikuwa ya ekari 288.

Jina la Nyayo Highrise limepanuka pia. Tangu uchaguzi wa mwaka 2013 ni jina la wadi nzima katika eneo bunge la Lang'ata. Siku ya kura wakaao ghorofani na wakaao katika nyumba za chini husimama katika mstari mmoja, wakamchagua diwani mmoja wa Highrise.